Sampuli ya Mama Mkwe

Katika miaka tisa ya ndoa yangu nilikuwa nimemwona mama mkwe wangu kwa karibu mara moja tu, na hiyo mara moja alikuwa amenipa kisogo.

Silalamiki. Kwa wazee wa upande wa mke wangu, kule Kyerwa, mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia shambani mpaka mwingine apite. Vijana wa siku hizi wanapiga picha wamekumbatiana na mama wakwe zao. Mama mkwe wangu hakuwa wa siku hizi. Mchungaji aliwahi kumwambia kwamba katika Biblia hakuna mstari unaomkataza kumtazama mkwe wake. Akajibu kwamba hata unaomlazimisha hajauona. Mchungaji hakurudia tena.

Kwa hiyo nilimjua kwa vipande. Nilijua kikohozi chake, kwa sababu nilipokuwa sebuleni kwake alikohoa nyuma ya pazia ili nijue yupo, nisije nikanyanyuka kuelekea huko. Nilijua mwavuli wake mweusi. Katika picha za harusi yetu yupo pembeni kabisa, akilitazama gari la mpiga picha kana kwamba ndilo linaloolewa. Na nilijua mtindi wake, aliotutumia kwenye kibuyu kila mke wangu alipokwenda kumsalimia. Mtindi ni kazi ya bakteria, na kwa mtu wa kazi yangu huo ni utambulisho wa kutosha.

Kazi yangu ni kuotesha bakteria. Niko kwenye maabara ya hospitali moja wilayani Karagwe, chumba cha mwisho cha korido, chenye mlango usiofungika mpaka uupige teke. Nimezaliwa Ihembe, katikati ya migomba na mibuni, na baba yangu akiulizwa mwanawe anafanya kazi gani, mpaka leo anasema analima vitu visivyoonekana. Hajakosea sana.

Ukiniletea kijiti chenye pamba kilichopitishwa kwenye kidonda, nakipaka juu ya chakula kilichogandishwa kwenye sahani ya plastiki. Chakula hicho tunakipika wenyewe kwa unga wa agari, maji, na damu ya kondoo. Kondoo mwenyewe anaishi nyuma ya chumba cha kufulia, anatolewa damu kidogo kwa zamu, na ndiye mtumishi pekee wa hospitali ile ambaye sijawahi kumsikia akidai likizo. Sahani inaingia kwenye inkubeta yenye joto la mwili wa binadamu, inakaa mpaka kesho yake. Kila bakteria aliyetua peke yake anakuwa amezaa ukoo mzima, tone dogo linaloonekana kwa macho. Shida ni kwamba kwenye kidonda wanakaa wengi, kama watu siku ya mnada, na mwizi huwa mmoja au wawili. Nachoma waya wangu kwenye moto, naugusisha kwenye tone moja, nachora nalo kwenye sahani mpya mistari inayozidi kupungua, mpaka nibaki na ukoo mmoja usiochanganyika na mwingine. Kisha namjaribu kwa dawa mbalimbali nione ipi inamuua. Hakuna uchawi. Kuna kusubiri na kunawa mikono.

Na kuna rangi. Kabla ya kumweka bakteria chini ya hadubini tunampaka rangi ya zambarau, na rangi hiyo haitoki vidoleni. Siku niliyokwenda kujitambulisha ukweni, mzee mmoja wa ukoo alinishika mkono, akaugeuza, akauliza mbele ya watu wote kama tulikuwa na uchaguzi huko kwetu. Mshenga wangu akasema ni rangi ya kazi. Wale ni wafugaji. Sisi watu wa ndizi wanatutarajia tuje na vidole vyeusi vya utomvu, na mzee yule mpaka anaaga hakuwa ameelewa nilikotokea.

Sasa, kidonda. Ng'ombe aliyekuwa amezaa karibuni alimpiga mama mkwe teke kwenye muundi, alipopita nyuma yake kwenda kumwangalia ndama. Ngozi ikapasuka, ikafunga juu, ikaoza ndani. Ikapasuka tena. Alipokubali kuletwa hospitali kwetu, mguu ulikuwa na miezi minne ya kutoa usaha. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyempokea na kumpeleka kwa daktari. Muuguzi akachukua sampuli. Saa moja baadaye nikaletewa kijiti chenye jina la mama mkwe wangu.

Nilikaa nacho kidogo. Mila ile ina majibu ya mambo mengi, lakini haikuwa imeandaa jibu la hili. Nikampigia mke wangu simu nikamwuliza kama ni sahihi mimi kuwatazama bakteria wa mama yake.

"Mkwe wako ni mama," akasema. "Kwa wadudu wake hukuposa."

Basi nikaotesha. Siku mbili baadaye sahani ilikuwa nyekundu na safi kama ilivyotoka jikoni. Nikaandika kwenye rejista: Hakuna kilichoota. Nikatia saini. Wiki mbili mbele akarudi, ikachukuliwa sampuli nyingine, na nikaandika vilevile. Mara ya tatu, pamba ya kijiti ilikuwa na rangi ya zambarau hafifu. Mkuu wa maabara, mama mmoja anayevaa miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kukemea, akaniangalia vidole.

"Umekishika kijiti cha mgonjwa na mikono yako hiyo?"

Nilikuwa na hakika sikukishika. Lakini vidole vilikuwa zambarau na pamba ilikuwa zambarau, na mimi mwenyewe ningekuwa hakimu ningejifunga. Nikaomba radhi. Sampuli ile nayo haikuotesha kitu. Kidonda kinachotiririka usaha kisha maabara iseme hakuna kitu ni sawa na kufika msibani ukaambiwa hapa hajafa mtu. Lakini ndivyo sahani zilivyosema, na mimi naandika kinachosema sahani.

Daktari wa upasuaji naye alikuwa na yake ya kusema. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba ugonjwa umeanza kubisha hodi kwenye mfupa. Alikuwa amejaribu dawa mbili kwa kubahatisha, hazikufua dafu. Akamwambia mke wangu kwamba bila jibu la maabara hawezi kuendelea kubahatisha. Tukikosa tena, itabidi wakate chini ya goti kabla ugonjwa haujapanda. Mke wangu akamweleza mama yake, taratibu, kwa Kinyambo. Mama mkwe akauliza tu bodaboda zinasimama wapi. Akaenda zake Kyerwa, na akatuma neno kwamba harudi mahali ambapo watu wanaitazama miguu ya wenzao kwa macho ya bucha.

Lazima nieleze kwamba yule mama alikuwa mtu wa kutembea. Kanisani alikwenda kwa miguu. Rubwera, kununua chumvi na sabuni, kwa miguu, na bodaboda waliompigia honi aliwapungia mkono wapite. Ndama yeyote akizaliwa alikwenda kumwona mwenyewe, hata kama ni ng'ambo ya bonde. Nilipomfikiria amekaa kitini akiletewa habari za ndama, niliumia. Na saini tatu zilizokuwa zinampeleka kwenye kiti hicho zilikuwa zangu.

Jumapili moja baada ya ibada nikaenda. Sikuwa na mpango wowote. Nilishuka Rubwera, nikachukua bodaboda mpaka kwao, nikapiga hodi kwa sauti kubwa kama inavyotakiwa ili mtu anayepaswa kujificha apate nafasi ya kujificha. Nikasikia hatua za kuburuza zikielekea chumba cha nyuma. Nyuma ya pazia, kikohozi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Karagwe?"

"Njema. Poleni na mgonjwa."

"Tumeshapoa."

Baba mkwe ni mtu wa maneno machache, na hayo machache anayatumia zaidi kwa ng'ombe. Alinisogezea kisahani cha kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo mgeni kwetu hakai bila kupewa. Nikachukua mbili. Naye akachukua mbili. Nikaona vidole vyake.

Vilikuwa zambarau. Si madoa, kucha zenyewe, na mikunjo ya ngozi, vilevile kama vyangu. Tangu nianze kazi sikuwahi kuona mikono ya mtu mwingine asiye wa maabara inayofanana na yangu. Nikaacha kutafuna.

"Baba, hivyo vidole vimepatwa na nini?"

"Dawa ya ng'ombe. Ile ya bluu ya kupuliza."

"Kuna ng'ombe mwenye kidonda?"

Akatafuna kidogo. Akatazama nje, kwenye zizi.

"Ng'ombe wote wazima," akasema.

Nyuma ya pazia hapakukohoa mtu.

Habari ikamtoka polepole. Dawa ile hupulizwa kwenye vidonda vya ng'ombe, na ng'ombe hupona. Baba mkwe alikuwa anampulizia mkewe asubuhi na jioni, na juu yake anafungua kapsuli za rangi mbili ananyunyizia unga. Siku ya kwenda hospitali waliamka mapema, wakauosha mguu kwa sabuni na dawa ya kuua vijidudu mpaka bluu yote itoke, ili wauguzi wasije wakasema watu wa kule wanatibu mtu kama mnyama. Mgonjwa haendi kwa watu na uchafu. Siku ya ile sampuli ya tatu, maji ya kisima yalikuwa machache.

Kwa hiyo kila kijiti kilichonifikia kilikuwa kimetoka kwenye kidonda kilichopuliziwa, kikanyunyiziwa, kikasuguliwa. Na bluu ya ng'ombe na zambarau ya chupa yangu ni ndugu. Ninapoitumia mimi kwenye kioo ni rangi, lakini kwenye pamba yenye unyevu inaua walewale ninaowatafuta. Bakteria wa juu walikuwa wanakufa kila asubuhi. Wa chini walikuwa wanaendelea na shughuli zao kuelekea kwenye mfupa.

Nilikasirika. Nilikasirika na baba mkwe, lakini mbele ya baba mkwe mtu anakasirika kwa ndani, akiwa amekaa wima. Niliporudi nyumbani nikamkasirikia mke wangu. Akaniambia kwamba harufu ya dawa aliisikia kwenye mguu wa mama yake, ila akaona si mambo ya kunieleza mimi. "Mwili wa mama nikuelezeje wewe?" Hapo nikakosa wa kumkasirikia, kwa sababu hata ningeelezwa ningeziba masikio. Mguu mzima ulikuwa unapotea kwa adabu, na mimi nilikuwa mmoja wa wenye adabu.

Kabla sijaondoka kule nilikuwa nimetoa maelekezo: siku sita bila bluu, bila rangi mbili, bila dawa yoyote. Maji yaliyochemshwa na chumvi, na kitambaa safi. Baba mkwe aliyarudia maelekezo kulielekea pazia, neno kwa neno, ingawa pazia lilikuwa limeyasikia. Pazia likakohoa.

Jumamosi iliyofuata tukaenda wote wawili, mimi na mke wangu, na boksi la baridi, glavu, na vijiti vitatu ambavyo mkuu wa maabara alinihesabia mkononi. Mke wangu ndiye angechukua sampuli. Nilikuwa nimemfundisha wiki nzima kwa kutumia parachichi lililoiva: unasafisha juu, unaminya pembeni, unaingiza kijiti kwenye kina, unakizungusha. Tulikula maparachichi mengi wiki ile. Kwenye parachichi alikuwa hodari.

Nilikaa sebuleni na baba mkwe. Mke wangu akaingia nyuma ya pazia, nami nikawa naelekeza kwa sauti huku nikiutazama ukuta wa upande wa pili, wenye kalenda.

"Minya pembeni. Umeminya?"

"Nimeminya."

"Ingiza. Zungusha."

Nikasikia mtu akivuta pumzi kwa meno. Kisha kijiti kikatolewa nje kwa mkono kupitia pembeni mwa pazia. Kilikuwa kimelowa maji tu.

"Hii ni ya juu. Ingia ndani zaidi."

Cha pili kikaja vilevile. Cha tatu hakikuja. Nikasikia mke wangu analia. "Siwezi kumwumiza mama," akasema. "Siwezi, jamani."

Nikajua kijiti kilichobaki ni kimoja, na kikienda ovyo, daktari ataandika mguu ukatwe. Baba mkwe alikuwa anatazama paa. Niliwaza kuingia tu, kama mtu anayevamia nyumba inayoungua. Sikuweza. Miguu yangu ilikataa, miguu ya mtu aliyesoma, mwenye cheti ukutani.

Ndipo mama mkwe akasema, kwa Kinyambo, kwa sauti ya mtu anayepanga kazi za siku:

"Mwanangu, mmekuja na mtu wa maabara?"

Kilio cha mke wangu kikakatika. "Ndiyo, mama," akasema.

"Mwambie mtu wa maabara aingie. Mkwe wangu yeye abaki hapo sebuleni, atafune kahawa."

Nikamtazama baba mkwe. Akaendelea na paa. Nikafungua begi, nikavaa koti jeupe, nikavaa kofia ya kazini, nikavaa barakoa mpaka chini ya macho, nikavaa glavu. Niliposimama, baba mkwe alikisogeza kisahani cha kahawa mpaka mbele ya kiti nilichotoka, ili mkwe asiachwe bila kitu. Nikaingia.

Alikuwa amelala kitandani, amejifunika khanga kuanzia kichwani. Mguu mmoja tu ulikuwa nje, umelazwa juu ya taulo. Kisigino kilikuwa kipana, kimepasuka, kisigino cha mtu aliyezunguka Kyerwa nzima. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mtaalamu. Umetoka mbali?"

"Karagwe."

"Huko nina mkwe."

"Nimesikia."

Nikasafisha juu kwa maji ya chumvi. Nikaminya pembeni. Vidole vya mguu vikajikunja.

"Unamfahamu?" akauliza chini ya khanga. Sauti haikubadilika.

"Kwa mbali."

"Anamtunza mwanangu?"

Kwenye kona, mke wangu alipenga kamasi. "Anajitahidi," nikasema. Usaha wa ndani ukaanza kutoka, mzito, wa manjano. Nikaingiza kijiti. Khanga ilitetemeka yote, toka kichwani mpaka magotini, kisha ikatulia.

"Anakunywa rubisi?"

"Siku za sherehe."

"Hm."

Nikazungusha kijiti polepole, mara moja, mara mbili. Nikakitoa, nikakitia kwenye kichupa chake, nikafunga. Nikafunika kidonda. Nilikuwa nanyanyuka aliposema tena.

"Mpelekee ujumbe. Mwambie asiniletee jibu la kunifurahisha. Kama mguu umekwisha, aandike umekwisha. Mimi nimeficha, na mzee wangu ameficha, na mwanangu ameficha. Abaki hata mmoja."

"Nitamwambia, mama."

Nikatoka. Nikavua glavu, barakoa, kofia, koti. Nikakaa kitini kwangu, nikachukua buni mbili.

"Mtaalamu ameondoka?" akauliza baba mkwe.

"Ameondoka, baba."

"Ana mkono mwepesi," akasema, na ndiyo sifa pekee niliyowahi kuisikia kinywani mwake ikienda kwa mtu na si kwa fahali.

Jioni hiyohiyo sampuli ilikuwa kwenye sahani. Kesho yake nilifungua inkubeta nikakuta sahani zote mbili zimeota. Ningeweza kumbusu kondoo. Lakini sahani ya damu ilikuwa imetawaliwa na bakteria mmoja mtembezi, wa wale wasiokaa na wenzao. Anasambaa kwa mawimbi mpaka afunike kila kitu, na ananuka samaki aliyesahaulika. Huyo si lazima awe mwizi. Mara nyingi ni mpita njia tu anayemficha mwizi chini ya koti lake. Sahani nyingine ilikuwa ya chumvi nyingi, ambako mtembezi huyo hushindwa kutembea. Huko vilikuwepo vitone vidogo, na kila kitone kilikuwa kimeibadilisha rangi ya chakula kutoka nyekundu kuwa njano. Nikachoma waya, nikagusa kitone kimoja, nikachora. Kesho yake nikachagua tena, nikachora tena. Siku ya tatu nilikuwa naye peke yake. Nikampaka zambarau nikamtazama: viduara vilivyoshikamana kwenye vishada, kama buni kwenye tawi. Tulikuwa tumetafutana muda mrefu.

Zikafuata dawa. Unampaka bakteria kwenye sahani nzima, unaweka juu yake vipande vidogo vya karatasi vyenye dawa, na kesho yake unapima kwa rula. Dawa inayomuua inaacha duara tupu kuizunguka karatasi. Duara likifika kipimo, dawa inafaa. Sindano moja ilikuwa na duara pana, halina mjadala. Lakini sindano hiyo ilimaanisha wiki kadhaa wodini, na mama mkwe alikuwa ameapa kuhusu hospitali. Pembeni yake kulikuwa na dawa ya kidonge, ya kumezea nyumbani kando ya zizi, ambayo duara lake lilipungua milimita mbili tu kufika kipimo.

Nikapima tena. Rula ukiiinamisha kidogo, milimita moja inapatikana. Ukisoma toka nje ya ukingo badala ya ndani, inapatikana ya pili. Nilisimama na rula ile muda mrefu kuliko nitakavyokiri hapa. Nilimtakia mema. Nilitaka ale vidonge vyake kwake, apone, mtu asimwambie kitu. Kisha nikasikia ile sauti chini ya khanga, nikaona aibu kama niliyekutwa jikoni kwa mtu.

Nikampelekea mkuu wa maabara sahani bila kusema ni ya nani wala mimi nimesoma ngapi. Akabadilisha miwani, akapima.

"Sugu," akasema. "Kuna mtu alifikiri inafaa?"

"Hakuna."

Akaniangalia kwa miwani ile nyingine. Nikaandika: Sugu. Chini yake nikaandika ile sindano: Inafaa. Nikatia saini.

Mke wangu akapeleka habari Kyerwa: wodini, sindano kila siku, kusafishwa kidonda chumba cha upasuaji, na daktari haahidi kitu ila kwa sasa hakati. Nilitegemea matusi. Mama mkwe akauliza swali moja.

"Nani ameandika?"

"Mtu wa maabara."

"Basi nakuja."

Wodi ya wanawake iko korido moja na maabara. Wiki zote alizolazwa nilipita nyuma, kwenye kamba za mashuka, nikimsalimia kondoo asubuhi na jioni. Chai niliinywa nikiwa nimesimama karibu na tanuri la taka. Mke wangu sasa alinieleza kila kitu, hata nisichokiuliza: usaha umepungua, nyama imekuwa nyekundu, jana kalala bila kulalamika. Mwishoni daktari akaomba sampuli nyingine. Ikachukuliwa kwa kina, na muuguzi ambaye hakuwa mtoto wake. Nikaiotesha. Nikasubiri siku mbili, nikaongeza ya tatu kwa woga wangu mwenyewe. Sahani ikabaki nyekundu na safi. Nikaandika maneno yaleyale, Hakuna kilichoota, na safari hii ilinibidi niweke kalamu chini kwanza nifute macho.

Siku aliyoruhusiwa, furaha ikanisahaulisha njia ya nyuma. Saa nne asubuhi nilitoka kwa mlango wa mbele na kikombe changu, nikakunja kona, na pale mbele, hatua kama kumi, palikuwa na mke wangu amebeba mkeka na beseni. Kando yake alisimama mwanamke mrefu mwenye fimbo. Kwa mara ya kwanza tukatazamana usoni. Ana macho ya mke wangu. Sikuwa nimejua.

Akaiachia fimbo. Ikaanguka katikati ya njia. Akaruka mtaro, mtaro wa maji ya mvua ambao mimi mwenyewe huwa nauzunguka, akatua ng'ambo, akaingia kwenye migomba ya jikoni ya hospitali hatua ndefu ndefu, majani yakimpigapiga mabegani.

"Mama! Mguu!" mke wangu akapiga kelele.

Nikageuka nikautazama ukuta, kama inavyompasa mkwe. Chai ilikuwa imenimwagikia mkononi, na nilikuwa nacheka, na nilikuwa nalia, na ukuta ule ulihitaji kupakwa rangi. Nikasubiri. Kutoka ndani ya migomba nikamsikia akikohoa.